Slivu, baipasi, sindano au puto: kuchagua tiba ya unene uliopitiliza

Mtu akishaanza kufikiria upasuaji wa kupunguza uzito, swali la kwanza karibu kila mara ni "nitapungua kilo ngapi?" Ni swali la haki, na nitalijibu kwa namba. Ila kwangu mimi hilo ni swali la tatu. La kwanza ni hili: pamoja na huo unene, una ugonjwa gani mwingine? La pili: huko unakoishi, nani atakuangalia mwaka wa pili, wa tano na wa kumi baada ya kukatwa? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayotenganisha slivu (kukata na kutoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula) na baipasi (kukielekeza chakula kiruke mfuko na mwanzo wa utumbo), na ndiyo yanayomwambia mwingine asiguse kisu kwanza.

Tatizo lenyewe limeenea. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2014 ulikuta wanawake 33 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Tanzania, utafiti wa 2015-16 ulikuta 28. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na unene. Wengi wao hawahitaji upasuaji, na hata wangeuhitaji usingewatosha: Marekani yenyewe, pamoja na vyumba vyote vya upasuaji ilivyo navyo, kwa mwaka huwafanyia takriban mtu 1 tu kati ya 100 wanaostahili. Kwa hiyo anayedhani upasuaji utaondoa unene wa nchi nzima amekosea mahali. Huko kazi ni ya bei ya mafuta na soda, chakula cha shuleni, na barabara ambayo mtu anaweza kutembea bila kugongwa. Upasuaji ni tiba ya mtu mmoja ambaye tayari anaumwa. Kwa mtu huyo ni tiba yenye nguvu kweli, na ni makosa kumwambia kwamba angejizuia tu kula angepona.

Nani anastahili

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Hiyo ndiyo BMI. Tangu 1991 kigezo kilichotumika sehemu nyingi kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji huu na kile cha Marekani walikishusha: 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 unaweza kufikiriwa ukiwa na kisukari aina ya pili au ugonjwa mwingine wa aina hiyo. Kwa wenye asili ya Asia, na tunao wengi Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, madhara huanza mapema zaidi, hivyo kwao upasuaji hufikiriwa kuanzia 27.5.

Tumchukue mama mwenye kimo cha mita 1.62 na kilo 98. BMI yake ni 37. Ana presha, goti la kulia linamuuma akipanda ngazi, na usiku anakoroma hadi pumzi zinakatika na anashtuka. Huyu anastahili. Sasa tuone kila njia ingemfikisha wapi.

Kwa sindano ya semaglutidi, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye Ozempic na Wegovy, jaribio kubwa la 2021 lilionyesha wastani wa kupungua asilimia 14.9 kwa wiki 68. Mama yetu angefika kilo 83 hivi. Kwa tirzepatidi, yaani Mounjaro, kwa dozi ya juu kabisa, jaribio la 2022 lilionyesha asilimia 20.9 kwa wiki 72, ambayo kwake ni karibu kilo 78. Kwa upasuaji nachukua hesabu ya Marekani iliyokusanya wagonjwa kutoka mifumo 41 ya afya na kuwatazama hadi mwaka wa tano: slivu asilimia 18.8, baipasi asilimia 25.5. Mama angekuwa na kilo 80 kwa slivu, na 73 kwa baipasi.

Usizisome namba hizo kama mbio za watu walioanza mstari mmoja. Za sindano ni za mwaka mmoja na miezi kadhaa, mtu akiwa bado anachoma. Za upasuaji ni za mwaka wa tano, baada ya baadhi ya kilo kurudi, kwa sababu kwenye mwaka wa kwanza na wa pili aliyefanyiwa upasuaji huwa chini zaidi ya hapo. Na zote ni wastani. Ndani yake yumo aliyepungua kilo 40 na yumo aliyepungua 6.

Sindano au kisu?

Faida ya sindano ni kwamba unaweza kuiacha. Hasara yake ni hiyohiyo. Walioacha semaglutidi baada ya lile jaribio walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo usipige hesabu ya sindano kwa mwezi. Piga kwa miaka mitano, uweke na friji isiyozimika kila umeme unapokatika, kisha linganisha na gharama ya upasuaji pamoja na vidonge na vipimo vya baadaye. Wengi wakifanya hesabu hiyo wanashangaa kuona kisu si ghali kama walivyodhani.

Ningemwelekeza kwenye sindano kwanza mtu mwenye BMI ya kati ya 30 na 35, asiye na kisukari kigumu, au ambaye moyo au mapafu yake hayako tayari kwa dawa ya usingizi. Asiitumie mwenye historia ya saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula katika familia, na anayetaka mimba aache semaglutidi miezi miwili kabla. Usinunue kwa mtu wa Instagram. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyokamatwa katika nchi kadhaa, na dawa ya kuchoma mwilini si kitu cha kubahatisha.

Kwa mwenye BMI ya 40 kwenda juu, au 35 na kisukari, mimi naona upasuaji ndio wenye ushahidi mrefu. Uswidi walianza kuwafuatilia waliofanyiwa mwaka 1987. Taarifa ya 2020 ilionyesha waliishi takriban miaka 3 zaidi ya wenzao wanene ambao hawakufanyiwa. Hakuna sindano ya kupunguza uzito iliyokwisha kufuatiliwa muda kama huo. Hatari ya kufa kwa upasuaji ipo lakini ni ndogo: katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotoka 2009, walifariki watu 3 kwa kila 1,000 ndani ya siku 30, na katika vituo vyenye uzoefu idadi hiyo imeshuka zaidi.

Puto nalipitia haraka. Linaingizwa mdomoni kwa endoskopi, yaani mrija mwembamba wenye kamera, linajazwa maji ndani ya mfuko wa chakula, linakaa kwa kawaida miezi sita, kisha linatolewa. Hakuna kinachokatwa. Mtu hupungua kama asilimia 10, na likishatoka kilo hupenda kurudi. Lina kazi kwa mtu mzito sana anayetakiwa kupungua kidogo ili upasuaji wake uwe salama, au kwa mwenye BMI ya chini aliye tayari kubadilisha ulaji ndani ya ile miezi sita. Kama tiba ya kudumu ya unene mkubwa, siwezi kulipendekeza.

Slivu na baipasi, ubavu kwa ubavu

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu. Zote mbili hufanywa kwa matundu madogo tumboni, na kwa kawaida unatoka hospitali ndani ya siku chache.

Kwenye slivu daktari hukata na kutoa kama robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula. Kinachobaki ni mrija wenye umbo la ndizi. Utumbo hauguswi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini, na ndiyo maana watu wengi husema ule uchu wa kula umekatika, hasa mwaka wa kwanza. Kilichotolewa hakirudi. Slivu ilianza kama hatua ya kwanza ya upasuaji mrefu zaidi kwa watu wazito mno: wakatwe mfuko, wapungue, warudi kwa hatua ya pili. Madaktari wakaona wengi hawana haja ya kurudi, ikawa tiba kamili, na leo ndiyo inayofanywa zaidi duniani.

Kwenye baipasi, ambayo mizizi yake ni Chuo Kikuu cha Iowa miaka ya 1960, juu ya mfuko wa chakula hutengwa kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, ambazo ni vijiko viwili vya mezani. Utumbo mwembamba hukatwa, ncha moja ikapandishwa na kushonwa kwenye kifuko hicho. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Mfuko mkubwa unabaki mwilini, ukitoa tindikali yake, ila hakuna chakula kinachopita humo. Kuna pia baipasi ya mshono mmoja, nyepesi zaidi kuifanya, lakini nyongo inaweza kupanda juu na upungufu wa virutubisho unaweza kuwa mkubwa zaidi.

Kiungulia ndicho kitu cha kwanza ninachotazama. Mrija mwembamba una shinikizo kubwa, na tindikali hupanda. Uchunguzi wa Ufini uliowafuatilia watu 240 kwa miaka 10 ulikuta uvimbe wa umio kwa asilimia 31 ya waliofanyiwa slivu, dhidi ya asilimia 7 ya baipasi. Ule wa Uswisi ulikuta kiungulia kimezidi kwa karibu theluthi moja ya watu wa slivu, na kwa wengi wa baipasi waliokuwa nacho kimepona. Kwa hiyo kama leo unalala na mito mitatu, unaamka na uchachu kooni na omeprazole haitoki mkobani, slivu haikufai. Fanya endoskopi kabla ya kuchagua. Daktari anayekupangia slivu bila kukuuliza habari za kiungulia, tafuta maoni ya pili.

Kisukari nacho kinavutia upande wa baipasi, ingawa si kwa umbali ambao watu hudhani. Jaribio la Marekani la watu 150 lililotoka 2017 lilihesabu waliofikisha wastani wa sukari wa miezi mitatu (kipimo cha HbA1c) kwenye asilimia 6 au chini baada ya miaka mitano: 29 kati ya 100 kwa baipasi, 23 kwa slivu, 5 kwa dawa peke yake. Anayefaidika zaidi ni yule ambaye kisukari chake ni cha miaka michache na hajaanza insulini. Na sukari huanza kushuka siku za mwanzo tu, kabla hata kilo hazijapungua, kwa hiyo dozi za dawa zipangwe upya kabla hujatoka wodini. Ukirudi nyumbani na dozi yako ya zamani ya insulini, sukari inaweza kuanguka hadi ukazimia.

Sasa upande wa slivu. Baipasi inaruka pale ambapo mwili hufyonza chuma na kalsiamu, na inavuruga ufyonzaji wa B12. Mwanamke anayepata hedhi nzito, aliyewahi kuambiwa damu yake ni ndogo, atapambana na upungufu huo maisha yake yote. Slivu pia inataka vidonge, tena kwa miaka yote, ila pengo lake ni dogo zaidi. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachanishwe angalau saa mbili. Anayeishi na VVU na kutumia TLD, kidonge chenye dawa ya dolutegravir, aelezwe hili mapema, kwa sababu dolutegravir hushikwa na chuma na kalsiamu isifyonzwe vizuri: inywewe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake, na kliniki yake ijue kwamba amefanyiwa upasuaji.

Halafu kuna dawa za maumivu. Kwetu mtu akiumwa mgongo anaingia duka la dawa, anataja diklofenaki au ibuprofeni, anapewa, anaondoka. Kwa aliyefanyiwa baipasi dawa hizo zinaweza kuchimba kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, kidonda kinachotoboka au kutoa damu. Sigara hufanya hivyohivyo. Kama una ugonjwa wa viungo unaokulazimisha kuzimeza kila wiki, au unajijua huwezi kuacha sigara, slivu ni salama zaidi kwako. Bakteria wa vidonda vya tumbo, pylori, ambao wamejaa Afrika Mashariki, wapimwe na kutibiwa kabla. Baada ya baipasi ule mfuko mkubwa ulioachwa ndani haufikiki tena kwa kamera ya kawaida, jambo la kulipa uzito kama familia yenu ina saratani ya tumbo.

Umbali na hospitali watu hawaulizi, na mimi ningeuweka karibu kabisa na kiungulia. Hatari kubwa ya slivu, mshono kuvuja, kwa kawaida hujitokeza siku au wiki za mwanzo: homa, moyo kwenda mbio, maumivu yanayopanda begani. Ukikaa karibu na hospitali mwezi huo, umepita sehemu kubwa ya hatari. Baipasi ina hatari inayoweza kuja baada ya mwaka au mitatu, pale utumbo unapopenya kwenye tundu la ndani na kujinyonga. Maumivu huja baada ya kula, yanaondoka, yanarudi, na siku moja hayaondoki. Anahitajika mtu wa kupiga picha ya CT na daktari wa upasuaji anayejua alichokishona mwenzake, tena ndani ya saa chache. Kwa anayeishi Nairobi au Dar hilo linawezekana. Kwa anayeishi Sumbawanga au Lodwar ni safari ndefu yenye hatari, na kama hana kiungulia wala kisukari, mimi ningemwambia achukue slivu.

Jambo jingine linaloipa slivu nafasi: ikishindwa, inaweza kugeuzwa kuwa baipasi. Baipasi ikishindwa, njia zilizobaki ni chache na ngumu.

Kwa hiyo yule mama wa kilo 98? Ana presha na kukoroma, hana kisukari, hana kiungulia. Kama anakaa mbali na jiji na damu yake hupungua, slivu. Akiwa na kisukari cha miaka mitatu na anaishi dakika chache kutoka hospitali kubwa, baipasi. Kilo zake za kuanzia, 98, ni zilezile katika hali zote mbili.

Meza ya nyumbani

Wiki za mwanzo ni maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta na uji mwepesi sana, kwa vijiko. Baadaye vyakula vya kusaga, kisha laini, kisha vya kawaida kwa vipimo vidogo. Protini ndiyo inayotangulia mdomoni: yai, samaki, maharage yaliyopondwa, mtindi. Ugali na wali vinakuja mwisho kama nafasi ipo, na mara nyingi haipo. Nyama ngumu, chapati na mkate laini hukwama. Maji hayanywewi pamoja na chakula.

Aliyefanyiwa baipasi akinywa juisi ya miwa au akila kaimati tatu mfululizo, sukari humwagika kwenye utumbo kwa kasi: jasho, moyo kudunda, tumbo kukata, kuhara. Hutokea kwenye slivu pia, ila mara chache. Kuna watu hilo huwasaidia kuacha vitamu kuliko ushauri wowote. Pombe nayo hupanda kichwani haraka kuliko zamani, na wapo walioanza kuwa walevi baada ya upasuaji. Mwenye historia hiyo aiseme wazi.

Ramadhani, katika miezi ya mwanzo maji lazima yanywewe kwa mafunda kutwa nzima, hivyo saa 13 bila tone ni hatari. Zungumza na daktari wako mapema, na kama ibada inakusumbua moyoni, na shehe wako pia. Panga tarehe ya upasuaji ukiwa na kalenda mkononi.

Wanawake wa umri wa kuzaa: uzito ukishuka, hedhi iliyokuwa imepotea hurudi na mimba hushika kwa urahisi usioutarajia. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea. Kitanzi au njiti ni bora.

Na jiandae kwa maneno ya watu. Kwetu mtu akipungua ghafla anaambiwa ana ugonjwa, na mashavu yakiingia ndani jirani anaanza kukuhurumia kwa sauti. Ngozi hulegea mikononi na tumboni kwa njia zote mbili. Amua mapema utamwambia nani ukweli, angalau mtu mmoja wa nyumbani, kwa sababu ndiye atakayekukumbusha vidonge na kukupeleka hospitali.

Kabla ya kusaini

Wengi huenda India au Uturuki kwa sababu ya bei. Sina tatizo na hilo, mradi ukifika nyumbani una daktari aliyekubali kukupokea kabla hujapanda ndege. Dai ripoti ya upasuaji iliyoandikwa: aina ya upasuaji, urefu wa utumbo uliorukwa kama ni baipasi, matatizo yaliyotokea. Piga picha ripoti hiyo, iweke kwenye simu yako na ya mtu wako wa karibu. Uliza bima yako kwa maandishi inalipa nini, pamoja na vipimo vya damu vya kila mwaka.

Na huyo mtu wako wa karibu umfundishe jambo moja. Ukitapika siku kadhaa mfululizo, kwa slivu au baipasi, mwili huishiwa vitamini B1. Mkifika zahanati, mhudumu anaweza kukimbilia kukutundikia dripu ya glukosi, na glukosi ikitangulia kabla ya B1 inaweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu moja kwa moja. Aseme kwa sauti, hata kama anaonekana msumbufu: "Huyu amefanyiwa upasuaji wa tumbo, anza na sindano ya B1."